Stashahada isiachwe langoni mwa chuo kikuu

Swali la kwanza ambalo mwenye stashahada huulizwa anapofika katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu hapa nchini huwa ni hili: ulipata alama gani katika KCSE? Haulizwi amesoma nini tangu hapo. Haulizwi amefundisha watoto wangapi, ameandika nini, wala anaweza kutetea hoja gani mbele ya wenzake. Mtihani alioufanya akiwa na umri wa miaka 18 humfuata kama kivuli hata akifika miaka 35, na aghalabu kivuli hicho ndicho kinachotangulia kuingia ofisini.

Nimekaa katika kamati za usajili kwa muda wa kutosha kulitafakari swali hilo. Wanaoulizwa ni wengi, na katika eneo hili la Meru na Embu ninalolifahamu zaidi hutoka katika vyuo ambavyo kila msomaji wa huku anavijua: Chuo cha Walimu cha Kigari, cha Egoji, cha Meru, na Meru National Polytechnic iliyopewa hadhi hiyo mwaka wa 2016. Wengi wao hutaka kuendelea na shahada ya elimu au ya biashara, na hao wana njia iliyokwisha kukanyagwa. Leo nataka kuzungumza juu ya wachache wanaotaka kusoma falsafa. Uchache wao usimfanye msomaji aone kwamba jambo hili ni dogo. Penye njia pana, mashimo hayaonekani kwa urahisi. Ni katika kijia chembamba ambapo mtu hujikwaa na kujua kuna jiwe.

Kwanza, tukubaliane kwamba ombi lenyewe huwashangaza watu. Mwambie mzazi wa Manyatta au wa Nkubu kwamba mwanawe, aliyekwisha kuajiriwa kufundisha shule ya msingi, anataka kwenda kusoma falsafa, naye atakuuliza: ili afundishe nini? Swali hilo si la kijinga. Falsafa haikuwa somo katika shule za upili za mfumo wa 8-4-4, na wala haimo katika orodha ya masomo ya shule za sekondari ya juu zilizopokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Mwalimu anayechukua shahada tupu ya falsafa hapati nayo somo la kufundishia. Mtu asidanganywe juu ya jambo hilo, na baadaye katika makala haya nitalirudia. Hata hivyo, wapo wanaolijua hilo fika na bado wanaitaka falsafa, na sioni kwa nini tuwahoji zaidi ya tunavyomhoji anayetaka uhasibu.

Itakumbukwa kwamba kabla ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi alikuwa na ngazi nyingine katikati. Kidato cha Tano na cha Sita vilimpa miaka 2 ya kukomaa kabla ya kuingia chuo kikuu. Ngazi hiyo iliondolewa. Mitihani ya mwisho ya kidato cha sita ilifanywa mwaka wa 1989, mwaka ule ule watahiniwa wa kwanza walipoketi KCSE. Tangu wakati huo mlango umekuwa mmoja na kizingiti kimekuwa alama ya C+. Aliyepata C kavu akakosa nafasi kwa nukta chache, alibaki na njia ya kuzunguka: cheti, kisha stashahada, kisha aombe shahada. Sheria inaitambua njia hiyo. Sheria ya mwaka 2014 iliyounda mfumo wa kitaifa wa kupanga sifa za kielimu imeiweka stashahada katika ngazi ya 6 na shahada ya kwanza katika ngazi ya 7. Kwa mujibu wa karatasi, basi, ni hatua moja tu. Kwa mujibu wa maisha, hatua hiyo inaweza kumla mtu miaka 4, mshahara wake na shamba la babake.

Hapa pana kinaya ambacho watu wa huku wanapaswa kukitazama kwa macho mawili. Chuo Kikuu cha Embu kimesimama mahali palipokuwa chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo. Mwaka wa 2011 chuo kile kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2016 kikapata hati yake na kujitegemea. Kule Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilirithi Chuo cha Teknolojia cha Meru. Kiligeuzwa chuo kishiriki mwaka wa 2008, kikapewa hati mwaka wa 2013. Vyuo hivi vya kati vilipopanda daraja, hakuna aliyeviambia vibomoe majengo na kuanza upya. Ardhi ilihesabiwa. Madarasa yalihesabiwa, maktaba ikahesabiwa, hata miti iliyopandwa na wanafunzi wa zamani ikahesabiwa kuwa mali ya chuo kikuu. Kwa maneno mengine, chuo kilipohama kutoka ngazi moja hadi nyingine kilihama na sifa zake zote. Anayeambiwa aache sifa zake langoni ni mwanafunzi peke yake.

Nitatoa mfano wa mwalimu mmoja, mwenyeji wa upande wa Runyenjes, ambaye sitamtaja jina wala sitakitaja chuo kikuu kilichompokea. Alipata C kavu. Akasomea ualimu wa P1, akafundisha miaka kadhaa, akachukua stashahada ya elimu wakati wa likizo za shule kwa fedha zake mwenyewe, akapasi vizuri. Ndipo alipoomba kusoma falsafa. Alikubaliwa, na barua yake ilikuwa na lugha ya kupendeza. Kilichokosekana katika barua hiyo ni sentensi moja tu: ni masomo gani kati ya yale aliyokwisha kuyapasi yatakayohesabiwa. Aliuliza kwa mdomo akajibiwa kwa mdomo kwamba mambo hayo hushughulikiwa baada ya kuripoti. Akachukua likizo isiyo na malipo, akaripoti, akalipa karo. Baada ya majuma 6 idara ikamwambia kwamba stashahada yake ilikuwa ya elimu, si ya falsafa, na kwa hivyo hapakuwa na la kuhesabu.

Basi akaketi mwaka wa kwanza na vijana waliokuwa wakizaliwa alipokuwa kidato cha pili. Akasoma stadi za mawasiliano, somo alilokuwa amelifanya katika chuo cha ualimu na kulirudia katika stashahada. Somo la UKIMWI alilifanya kwa mara ya tatu, na aliniambia kwa kicheko kisicho na furaha kwamba virusi havikuwa vimebadilika. Akasoma utangulizi wa saikolojia. Yote haya aliyalipia kama mgeni.

Sasa tujiulize kwa haki: je, ni kweli kwamba mwalimu yule hakuwa na chochote cha kuhesabiwa? Mtaala wa vyuo vya ualimu umekuwa na mada za falsafa ya elimu kwa miaka mingi. Mwalimu wa P1 amesikia habari za Plato na jamhuri yake, za Rousseau na mtoto wake Emile, za Dewey na kujifunza kwa kutenda. Amefundishwa pia juu ya makuzi ya mtoto, jambo ambalo mwanafalsafa anayejadili akili na ujuzi hulihitaji. Hayo si falsafa yote, lakini si sifuri. Hesabu inayotoa sifuri mahali penye kitu ni hesabu mbovu, hata ikiwa imefanywa na maprofesa.

Lakini sitaki kuwaonea wenzangu wa idara za falsafa. Wana hoja, na hoja yao ina uzito kuliko wanavyoieleza. Husema kwamba mwanafunzi wa stashahada amesoma *habari za* wanafalsafa, hakusoma falsafa. Nilikuwa nikiidhani hii kuwa majivuno tu, mpaka mwalimu yule wa Runyenjes aliponiletea insha yake ya kwanza niitazame. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafalsafa, na nilimweleza hivyo. Lakini insha ni lugha, na lugha ndiyo kazi yangu.

Swali lilikuwa: je, ni haki kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hangeweza kuliepuka? Alijibu kwa kurasa 8. Ukurasa wa kwanza ulieleza maana ya adhabu. Wa pili na wa tatu ulitaja aina za adhabu. Kisha ukaja umuhimu wa adhabu, kisha changamoto za adhabu, kisha mapendekezo, kisha hitimisho. Walimu wanaosoma makala haya wanatabasamu, kwa maana umbo hilo wanalijua kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani. Ndilo umbo la daftari la chuo: maana, aina, umuhimu, changamoto. Linafaa sana kwa mtihani unaotoa alama moja kwa kila nukta. Katika falsafa ni kaburi, kwa sababu kurasa zote 8 hazikumwambia msomaji kama ni haki au si haki.

Nilifanya jambo ambalo wanaisimu hulifanya wanapokosa la kusema: nilihesabu maneno. Aliandika kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Viunganishi vya kuongeza, vile vyenye maana ya "pia," "vilevile," "aidha," vilijaa kila aya. Viunganishi vya kukubali upande mmoja na kushikilia mwingine, vyenye maana ya "ijapokuwa," "hata ikiwa," "ilhali," nilivipata viwili tu. Maneno haya madogo ndiyo bawaba za hoja. Mtu asiyeyatumia huweza kurundika mawazo kama magunia ghalani, lakini hawezi kufungua mlango.

Kisha nikamwomba anieleze jambo lile lile kwa Kiembu, bila karatasi. Akaanza kunisimulia juu ya mvulana mmoja shuleni kwake aliyekuwa akichelewa kila siku kwa sababu alipaswa kukama ng'ombe, na namna walimu walivyobishana katika ofisi yao kuhusu kiboko. Wewe ungesema hivi, akasema, na ni kweli; lakini hata kama ni kweli, bado haifuati kwamba. Na hata tukikubali inafuata, je, yule mwingine ambaye... Kwa dakika 10 alijenga, akabomoa, akajenga tena. Bawaba zote zilikuwapo. Hakukosa mantiki, alikosa kuambiwa kwamba mantiki yake ya ofisi ya walimu ndiyo iliyotakiwa katika karatasi. Neno lenyewe "mantiki" limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutamka, na Wagiriki nao walitumia neno moja, *logos*, kwa usemi na kwa akili. Lugha hizo zilikwisha kuona uhusiano huo. Ni vyuo vyetu ambavyo vimeutenga usemi wa mwanafunzi na fikira zake, halafu vikashangaa karatasi ikiwa imekauka.

Kwa hivyo pengo lipo, na wanaosema lipo hawasemi uongo. Kosa ni kudhani kwamba pengo hilo huzibwa kwa kumrudisha mtu mwaka mzima akasome stadi za mawasiliano. Halizibwi hivyo. Mwalimu yule angehitaji muhula mmoja wa kuandika hoja chini ya jicho la mtu anayejua, insha fupi kila juma, kila moja ikisahihishwa na kurudishwa. Angehitaji pia kusoma mantiki rasmi kuanzia mwanzo, na hapo nasimama na idara: hakuna stashahada ya ualimu inayofundisha somo hilo, na atakayelirukwa atalilipia mwaka wa tatu. Masomo ya jumla yangehesabiwa yote. Falsafa ya elimu ingehesabiwa badala ya somo moja la hiari. Hesabu hiyo ingemwokolea karibu mwaka mmoja, na hakuna shahada ambayo ingechafuka.

Jambo jingine ambalo hesabu ya sasa hailioni ni kile ambacho mtu huyu huleta. Katika mwaka wake wa pili alifika kwenye falsafa ya Kiafrika, na humo huwezi kukwepa kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, ng'ambo ya Tana tu ukitokea Mbeere, alidai kwamba katika fikira za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali haupo. Upo "sasa" na upo "zamani," maneno aliyoyachukua katika Kiswahili. Ushahidi wake aliutoa katika njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambazo alisema hazivuki miezi 6 hivi, au miaka 2 ikizidi sana. Vijana darasani waliyaandika hayo madaftarini. Mwalimu wa Runyenjes, ambaye alikuwa amewafundisha watoto njeo za Kiswahili kwa miaka, aliinua mkono. Alisema Kiswahili kina kiambishi kimoja, *-ta-*, kwa mvua itakayonyesha jioni na kwa dunia itakayokwisha. Je, tuseme Mswahili hajui tofauti ya jioni na kiyama? Na kama lugha za Mlima Kenya zina viambishi kadhaa vya wakati ujao ambapo Kiswahili kina kimoja, ni nani basi mwenye wakati ujao mrefu zaidi?

Wanafalsafa wengi wameupinga utaratibu huo wa Mbiti wa kupima fikira kwa sarufi, na kumheshimu mwanzilishi hakumzuii mtu kumpinga. Ninalotaka kulionyesha ni mahali pingamizi hili lilipotoka. Halikutoka katika kitabu cha falsafa. Lilitoka ubaoni, darasa la sita, katika kazi ile ile ambayo ofisi ya usajili iliipa sifuri.

Wala mtu asiniambie kwamba falsafa ni ya wale tu walioianza mapema. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mkuu kuliko wote waliopata kufundisha katika nchi hii, alikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi za maumbile, na ni huko alikogeukia falsafa. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia mwaka wa 1970 hadi alipofariki mwaka wa 1995. Mradi uliompa jina duniani ni ule wa kuwatafuta wazee wenye hekima vijijini na kuwahoji, si kama mashahidi wa mila, bali kama watu wanaofikiri kwa vichwa vyao na hata kuipinga mila. Kitabu chake cha mwaka 1990 kinawataja kwa majina. Miongoni mwao ni Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru, aliyejaribu kumweleza Mungu kwa mfano wa joto na baridi vinavyokutana na kuzaa uhai, na Njeru wa Kinyenje wa Embu. Hawa hawakuwa na KCSE. Lau wangetembelea ofisi zetu leo wakitaka kujisajili katika somo linalofundisha mawazo yao, sote twajua wangeulizwa nini.

Nisieleweke vibaya, siombi kwamba wazee wapewe shahada, wala kwamba kila mwenye stashahada afunguliwe mlango. Naomba mlango uwe na bei iliyoandikwa. Wenzetu wa Marekani wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Chuo cha kijamii cha kwanza cha umma kule, cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka wa 1901 ili vijana wasome miaka 2 karibu na kwao kisha wahamie chuo kikuu. Jimbo la California liliufanya utaratibu huo kuwa mpango wake rasmi mwaka wa 1960, na sheria yake ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi: mwanafunzi anayemaliza stashahada maalumu ya kuhamia, falsafa ikiwa mojawapo, huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya serikali na huingia mwaka wa tatu, akibakiwa na nusu tu ya masomo ya shahada. Si wote wanaoanza wanaovuka, na wanaokwama njiani kule ni wengi. Lakini anayekwama hakwami kwa kutojua. Orodha ya masomo yatakayohesabiwa huwa mkononi mwake siku ya kwanza, kabla hajalipa senti.

Kwetu sisi sheria ipo tangu 2014, na maneno ya kuhamisha masomo yaliyopasiwa yamo ndani yake. Kinachokosekana ni karatasi ya idara. Idara ya falsafa ikikutana alasiri moja na walimu wa vyuo vya Kigari, Egoji na Meru, wakaweka mitaala mezani, wataweza kuandika ukurasa mmoja: somo hili la stashahada ni sawa na lile, hili ni sawa na nusu, hili si sawa na lolote. Ukurasa huo ukibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo cha walimu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataanza kujipanga. Huenda hata akachagua kuandika insha ndefu zaidi kuliko anazolazimishwa.

Mpaka hapo itakapoandikwa, ninyi mnaofikiria safari hii mnafaa kujilinda. Msilipe karo kabla ya kupata jibu la maandishi juu ya masomo yatakayohesabiwa. Jibu la mdomo halina mhuri. Tunzeni mitaala ya masomo mliyoyafanya, si matokeo peke yake, kwa kuwa anayekadiria hutaka kuona kilichofundishwa, na vyuo hubadilisha mitaala na kutupa ile ya zamani. Ulizeni ni nani atakayewalipia, maana msaada wa serikali kwa kawaida hufuata wale waliopangiwa nafasi na KUCCPS, na anayeingia kwa stashahada huingia kama mwenye kujilipia, utaratibu ulioanza kushika mizizi katika vyuo vyetu vya umma mwaka wa 1998. Na wewe mwalimu ambaye ungali unataka kupanda ngazi katika Tume ya Kuajiri Walimu, waulize Tume kwanza. Shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, pamoja na masomo kadhaa ya falsafa uliyoyachagua, huenda ikakufaa kuliko shahada tupu ya falsafa. Anayeitaka hiyo tupu naye aichukue akijua hivyo.

Nimesema kwamba idara za falsafa zinazojulikana zaidi nchini ziko mbali na huku: Nairobi, Kenyatta, Moi, Egerton? Sikusema, lakini mwalimu yeyote wa Runyenjes au wa Igoji anaijua nauli. Makanisa nayo yana seminari zao, kama ile ya Nyeri ambako mapadre watarajiwa huanza na falsafa kabla ya theolojia, lakini mlango wa seminari si wa kila mtu, na hasa si wa mwanamke. Ndiyo maana naona ajabu kwamba pale Nchiru, chuo kikuu cha sayansi kimepakana na makao ya Njuri Ncheke. Baraza lile lilipopiga marufuku tohara ya wasichana mwaka wa 1956, wasichana wa Meru walikataa na kujitahiri wenyewe kwa wenyewe, wakapewa jina la *Ngaitana*, yaani nitajitahiri mwenyewe. Hilo ni swali zima la falsafa ya sheria: je, sheria njema iliyotungwa bila kuwashauri wale ambao inahusu miili yao ina nguvu gani juu yao? Nimelisikia likijadiliwa na walimu wa shule za msingi, wengi wao wanawake, ambao nyanya zao walikuwa miongoni mwa wasichana wale. Hawakukubaliana hata kidogo. Mmoja alisema kosa lilikuwa la wazee kutouliza. Mwingine akamjibu kwamba kuna mambo ambayo hata ukiuliza ukajibiwa ndiyo, bado si haki kuyatenda. Bawaba zililia mchana kutwa.

Walimu hao huwa huru Aprili, Agosti na Desemba. Vyuo vikuu vya eneo hili vimezoea kuwafundisha likizoni masomo ya elimu na uongozi wa shule, madarasa yapo na wahadhiri hulipwa kwa saa. Muhula mmoja wa mantiki na uandishi wa hoja, unaotambuliwa kimaandishi na idara moja ya falsafa yenye kutaka wanafunzi, unaweza kuanzishwa katika likizo ya Agosti ijayo, na ningejitolea kufundisha sehemu ya lugha bila kuomba malipo.